Nani Aliyewaletea Watoto Ugonjwa?

Mtu aendapo hospitali huenda kutafuta uzima. Hakuna alalaye katika kitanda cha wodi akitazamia kupewa ugonjwa mwingine ambao hakuwa nao nyumbani. Hata hivyo jambo hilo hutokea, tena hutokea kila siku, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani kama katika zetu. Mtu amelazwa kwa ajili ya mguu uliovunjika, mara kidonda chake chaingia usaha. Mama amejifungua salama, na siku ya nne mtoto anachemka homa. Dawa zinazojulikana zinatolewa, wala hazifai kitu.

Nataka kuisema habari hiyo leo, lakini si kwa kuwatisha watu waikimbie hospitali. Mwenye ugonjwa mkubwa akikaa nyumbani kwa kuogopa magonjwa ya hospitali, ni kama mtu akataaye kupanda mtumbwi kwa kuogopa maji, hali mto umekwisha furika hata mlangoni pake. Naisema kwa kuwa nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nalikuwa katika wodi za watoto wachanga. Tena naisema kwa kuwa yamepatikana maarifa mapya yanayoweza kujibu swali ambalo kila mzazi aliyefiwa huliuliza: Nani aliyeleta ugonjwa huu? Yatupasa kujua maarifa hayo ni nini, na yatupasa zaidi kujua namna ya kuyatumia.

Kijidudu kikaacho puani

Kijidudu ninachotaka kukieleza kwanza huitwa Staphylococcus aureus. Wengi hospitalini hukiita stafilokokasi. Ukikitazama kwa hadubini utaona vitu vidogo vya mviringo vimeshikamana kama kishada cha zabibu. Si mgeni kwetu. Katika kila watu 10 wenye afya nzuri, wapata watatu wanacho puani mwao sasa hivi, nao hawaumwi wala hawajui. Madhara huanza kinapopata njia ya kuingia ndani: katika kidonda cha upasuaji, katika mshipa uliochomwa sindano, katika kitovu cha mtoto ambacho hakijakauka. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ambaye ngozi yake ni nyembamba kama karatasi, njia hizo ni nyingi.

Kijidudu hiki ndicho Alexander Fleming alichokuwa akikichunguza huko London mwaka 1928 alipoona kwamba ukungu ulioanguka katika sahani yake umeviua vijidudu vilivyouzunguka. Kutoka katika ukungu ule ikapatikana penisilini, na katika miaka ya 1940 watu wengi waliokuwa wa kufa wakapona. Furaha ile haikudumu muda mrefu. Baada ya miaka michache zilionekana stafilokokasi zisizosikia penisilini. Mwaka 1959 ikaletwa dawa nyingine, methisilini, ya kuzishinda hizo. Mwaka 1961, huko huko Uingereza, ikatangazwa kwamba zimeonekana stafilokokasi zisizosikia hata methisilini. Hizo ndizo ziitwazo MRSA, jina ambalo wafanyakazi wa hospitali duniani kote hulitamka kwa hofu.

Watu wengi hudhani kwamba mwili wa mgonjwa ndio unaoizoea dawa. Sivyo. Vijidudu ndivyo vinavyobadilika. Mfikirie mkulima apaliliaye shamba kwa haraka, akang'oa majani mepesi na kuyaacha magugu ya ndago kwa sababu mizizi yake ni migumu. Mvua ikinyesha, ndago hupata nafasi yote iliyoachwa na majani yale mengine, na mwaka wa pili shamba zima ni ndago. Ndivyo ilivyo kwa dawa. Kati ya mamilioni ya vijidudu huwapo vichache ambavyo, kwa badiliko dogo la asili yake, dawa haviwezi. Dawa ikiwaua wenzake, hivyo vichache hubaki peke yake na kuzaana, na uzao wake wote hurithi ukaidi ule. Kadiri tunavyotumia dawa ovyo, ndivyo tunavyovipalilia. Wataalamu waliohesabu vifo vya dunia nzima walikadiria kwamba katika mwaka mmoja, 2019, watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya vijidudu vilivyokuwa sugu kwa dawa.

Neno lililonenwa wodini

Sasa niwaeleze jambo nililoliona mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja jina, watoto wachanga walianza kuugua mmoja baada ya mwingine. Kwanza kitovu kilikuwa chekundu, kisha usaha, kisha homa, na mtoto kuacha kunyonya. Wengine walipona. Wengine tuliwafunika shuka, na mama zao wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mhudumu wa wodi. Kazi yake ilikuwa kupiga deki, kumwaga taka na kubeba nguo chafu. Kwa kuwa alikuwa akiingia kila chumba, na kwa kuwa alikuwa mtu wa chini, neno lilianza kunong'onwa kwamba yeye ndiye. Wa kwanza walisema ni mchafu. Wa pili walisema ana mkosi, kwa maana naye alikuwa amezika watoto wake. Wa tatu wakasema jambo baya zaidi ambalo sitalirudia hapa. Naliwaambia wenzangu kwamba sisi wauguzi na madaktari tulikuwa tukiwashika watoto wale mara nyingi kuliko yeye. Wakanijibu, "Unao ushahidi?" Sikuwa nao. Maabara ilikuwa imetuletea jibu moja tu, kwamba usaha wa watoto una stafilokokasi. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini lilitusaidia kama vile kumwambia askari kwamba mwizi ni mtu mwenye miguu miwili.

Mjane yule akahamishwa akafue nguo. Baada ya majuma matatu mtoto mwingine akaugua, kisha mwingine. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Aliendelea kufua hata alipostaafu, na mpaka leo hakuna mtu ajuaye wagonjwa wale waliambukizwa kwa njia gani.

Nimelikumbuka jambo lile kila niliposoma habari ya maarifa ninayotaka kuwaeleza sasa.

Daftari za kwaya

Kila kiumbe chenye uhai kina maandiko ndani yake. Maandiko hayo yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, ambazo wataalamu huziita A, C, G na T, zikifuatana katika uzi mrefu uitwao DNA. Maandiko yote ya kiumbe kimoja, tangu mwanzo hata mwisho, ndiyo yaitwayo jenomu. Jenomu ya stafilokokasi ina herufi wapata milioni 2.8. Kijidudu kinapojigawa, hapana budi kwanza kiyanakili maandiko hayo yote, na nakala moja kupewa kila mtoto.

Wale waliopata kuimba katika kwaya wataelewa upesi. Zamani mwalimu wa kwaya aliandika wimbo ubaoni, nasi tukaunakili katika daftari. Aliyekosa siku ile alinakili kutoka kwa mwenziwe, na wa tatu kutoka kwa huyo wa pili. Kama mmoja alikosea neno, wote walionakili kwake walilichukua kosa lile, na pengine kuongeza la kwao. Basi ukizikusanya daftari zote na kuzilinganisha, waweza kusema bila kumwuliza mtu, "Daftari hii imetokana na ile, na hii nyingine haikutokana na hizo." Makosa yale madogo ndiyo yanayosimulia njia.

Vijidudu navyo hukosea vinaponakili, lakini kwa nadra sana. Katika ukoo mmoja wa stafilokokasi hubadilika herufi chache tu kwa mwaka kati ya zile milioni 2.8. Kwa hiyo vijidudu vya wagonjwa wawili vikilingana karibu herufi zote, ni dalili kubwa kwamba ama mmoja alimwambukiza mwenziwe, ama wote wawili walipata kutoka mahali pamoja kwa siku za karibu. Vikitofautiana kwa mamia au maelfu ya herufi, hawakuambukizana, hata kama vitanda vyao viliwekwa ubavu kwa ubavu.

Kuyasoma maandiko hayo hakukuwezekana zamani. Jenomu kamili ya bakteria ilisomwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, na ile ya stafilokokasi ilitangazwa na wataalamu wa Japani mwaka 2001. Siku zile ilikuwa kazi ya watu wengi kwa muda mrefu na kwa fedha nyingi sana. Siku hizi mashine yaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku chache, na zipo mashine ndogo za kutosha kushikwa mkononi.

Yaliyotokea Cambridge

Mwaka 2011, katika Rosie Hospital ya mji wa Cambridge, Uingereza, MRSA iliingia katika wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi wa pekee. Katika muda wa miezi 6 watoto 12 walionekana kuwa nayo. Hawakutokea kwa mkupuo mmoja. Alionekana mmoja, siku zikapita, akaonekana mwingine. Watu wa hospitali wanaoangalia maambukizo walishuku kwamba ni mlolongo mmoja, lakini vipimo vya kawaida havikuweza kuwathibitishia.

Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wa Sanger Institute, miongoni mwao Sharon Peacock na Julian Parkhill, wakazisoma jenomu za vijidudu vile. Zikaonekana kuwa za ukoo mmoja, tena ukoo mpya. Walipotafuta zaidi katika sampuli za maabara waliona kwamba mlolongo ulikuwa mkubwa kuliko ilivyodhaniwa: watu 26 walihusika, wakiwamo kina mama waliojifungua na watu wa nje ya hospitali. Kijidudu kilikuwa kimetoka wodini kikaenda majumbani, hali hospitali inahesabu watoto 12 tu.

Wodi ikasafishwa kabisa kabisa. Siku 64 zikapita tangu mtoto wa mwisho mwenye MRSA alipoondoka. Watu wakaanza kupumua. Kisha mtoto mwingine akaonekana kuwa na MRSA!

Katika hospitali ambayo haikuwa na njia ya kusoma jenomu, watu wangesema kwamba hii ni bahati mbaya nyingine, imetoka nje, haihusiani na ile ya kwanza. Jenomu ikasomwa, nayo ikaonyesha kwamba ni ukoo ule ule. Kwa siku 64 ulikuwa umejificha mahali. Wakapimwa wafanyakazi 154. Mmoja kati yao alikuwa na MRSA mwilini, haumwi, hajui, yuko kazini kama kawaida. Vijidudu vyake vikasomwa, vikawa vya ukoo ule.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Mfanyakazi yule alifanywa nini? Alipewa matibabu ya kukiondoa kijidudu mwilini mwake. Habari yake ilipotangazwa katika jarida la madaktari mwezi wa Novemba 2012, jina lake halikuandikwa. Wala haikusemwa kwamba yeye ndiye aliyeileta MRSA wodini. Labda naye aliipata kwa mtoto aliyemwinua kutoka kitandani ili ambadilishe nguo. Jenomu huonyesha udugu wa vijidudu, lakini haina herufi hata moja inayoandika nia ya mtu, wala dhambi yake.

Mgonjwa wa kwanza wa Bethesda

Mwaka ule ule wa 2011, huko Bethesda, Marekani, katika hospitali ya utafiti ya serikali, lilitokea jambo lililokuwa kali zaidi. Mwezi wa Juni alipokewa mwanamke mmoja kutoka hospitali ya New York. Alikuwa na kijidudu cha aina nyingine, kiitwacho klebsiela, ambacho kilikuwa hakisikii karibu dawa zote. Hospitali ilijua, ikamtenga tangu siku ya kwanza, na wote waliomwingilia walivaa glavu na magauni. Akapata nafuu, akaruhusiwa kuondoka tarehe 15 Julai. Ilionekana kwamba mambo yamekwisha. Tarehe 5 Agosti, majuma matatu baadaye, klebsiela ikaonekana kwa mgonjwa mwingine, kisha kwa mwingine, hata wakafika 18. Kati yao 11 walikufa, na vifo 6 vilihesabiwa kuwa vya kijidudu chenyewe.

Jenomu, yenye herufi wapata milioni 6, ilionyesha kwamba vijidudu vyote vilitoka kwa mgonjwa yule wa kwanza, na kwamba vilimtoka zaidi ya mara moja. Ilionyesha pia kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wamekibeba kwa siku nyingi bila dalili yo yote kabla ya vipimo kukiona. Walipopekua wodi walikikuta katika mabomba ya kutolea maji ya masinki, na katika mashine ya kusaidia kupumua ambayo ilikuwa imekwisha safishwa. Maarifa hayo ndiyo yaliyowapa kujua mahali pa kupigana. Walijenga ukuta wa kuwatenga wenye kijidudu, wakawapimisha wagonjwa wote, wakaondoa mabomba, wakaweka watu wa kuangalia tu kama kila aingiaye amenawa mikono. Mwisho wa mwaka mlolongo ulikatika.

Je, yule mwanamke alikosa nini? Alikuwa mgonjwa, akaenda kutafuta matibabu. Alikitoa kijidudu hospitali moja akakipeleka hospitali nyingine kama vile mtu abebavyo vumbi la njia miguuni.

Mikono ya wakubwa

Fundisho hili ni la zamani kuliko jenomu. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba kina mama waliozalishwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa kwa homa ya uzazi wengi kuliko waliozalishwa na wakunga. Akagundua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka ule, katika kila kina mama 100, wapata 18 walikufa. Mwezi wa Juni, baada ya amri yake, walikufa wapata 2.

Ungedhani kwamba wakubwa wa Vienna walimshukuru. Wengi walichukizwa. Walilisikia neno lake kama shitaka, kwamba wao ndio wauaji, nao hawakukubali kwamba mikono ya mtu mwenye elimu na heshima yaweza kuleta mauti. Semmelweis akafa mwaka 1865 bila kukubaliwa na wengi.

Nayaona mambo mawili hapa. La kwanza, aliyeshukiwa katika wodi yetu alikuwa mwenye ufagio, na wasioshukiwa Vienna walikuwa wenye majoho. Binadamu hupenda kuitafuta lawama chini, hali kijidudu hakitazami cheo. La pili, ukweli ukija kama fimbo watu huukimbia, hata kama ungewaokoa. Hospitali ikimwadhibu mfanyakazi wa kwanza aliyeonekana na kijidudu, wa pili hatakubali kupimwa, na watoto ndio watakaolipa.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye wakimtafutia kosa lililomletea mateso, na Mungu hakupendezwa nao. Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza kwanza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali hilo, akamponya yule mtu. Nadhani maarifa haya mapya yatupasa kuyatumia kwa moyo ule wa pili. Tuulize, "Kimepita wapi?" ili tuizibe njia. Tusiulize, "Nani wa kupigwa mawe?"

Hapa kwetu

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, wataalamu walisoma jenomu za klebsiela 198 zilizokuwa zimetolewa kwa wagonjwa mahututi katika muda wa miaka zaidi ya 10, na habari yake ikatangazwa mwaka 2017. Zaidi ya nusu zilikuwa na silaha ya kuziharibu hata zile dawa za sindano ambazo hospitali zetu huzitegemea kwa watoto wachanga. Mwaka 2018 zikatangazwa habari za stafilokokasi za hospitali ya rufaa ya Moshi, Tanzania, zilizosomwa kwa njia hiyo hiyo. Tena wakati wa korona, tangu mwaka 2020, maabara za Afrika ya Mashariki zilikuwa zikisoma jenomu za virusi. Basi vijana wetu wanayo maarifa, na baadhi ya mashine zipo.

Lakini mashine haiwezi kunawa mikono kwa ajili yetu. Nimeona wodi ambamo bomba hukauka tangu asubuhi hata jioni, na mwuguzi mmoja ana watoto wachanga 30. Nimeona watoto wawili, hata watatu, katika kitanda kimoja. Katika hali hiyo kijidudu hakihitaji akili nyingi. Kwa hiyo sisi wa parokia na usharika, tunapochanga fedha kwa ajili ya hospitali zetu, tusione haya kuchangia tangi la maji, sabuni na ndoo zenye koki. Mabati ya jengo jipya hupendeza katika picha, lakini maji katika wodi ya zamani yaweza kuokoa watoto wengi zaidi.

Nanyi mwendao kutazama wagonjwa, ambao kazi yenu ni njema na yenye thawabu, nina maneno machache kwenu. Naweni mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, na naweni tena mnapotoka. Msikae juu ya kitanda chake. Msimpitishe mtoto mchanga mkono kwa mkono ili kila shangazi ambusu. Baraka yaweza kutolewa kwa mbali. Mwenye jipu au kidonda kibichi na asiende wodini hata apone.

Katika nyumba zenu, msinunue antibiotiki katika duka la dawa kwa kubahatisha, vidonge vinne leo na vitatu kesho. Mafua ya kawaida hayaponywi na dawa hizo. Mkipewa dawa na daktari, imezeni kama alivyoagiza. Zikibaki, msimgawie jirani kwa ukarimu, kwa maana pamoja na vidonge vile mtakuwa mnampalilia ndago.

Kwa wakubwa wa hospitali nasema kwa heshima: watoto wakianza kuugua mmoja baada ya mwingine, pimeni wote, tangu mganga mkuu hata mpiga deki, bila kumchagua mtu. Chukueni sampuli na kuzihifadhi vizuri, na kama hospitali yenu haina mashine, zipelekeni katika maabara iliyo nayo. Mtakayemwona amebeba kijidudu, mwiteni faraghani, mtibuni, mlindeni jina lake, na akiisha pona mrudisheni kazini kwake mbele ya watu wote. Na ikiwa mlipata kumhamisha mtu kwa maneno ya kunong'onwa, na kumbe watoto wanaendelea kuugua, mwendeeni mkamwambie hivyo.

Mungu awape nguvu wauguzi wetu wakeshao usiku huu kando ya watoto wadogo, awape na maji ya kutosha ya kunawa.